Nyuzi, michakato au asyncio: njia ipi imfae anayeanza kuendesha msimbo sambamba

Mwanaprogramu anayeanza hufikia swali la usambamba kwa njia inayofahamika: programu yake inafanya kazi sawasawa, lakini inachukua muda mrefu kuliko anavyoweza kuvumilia, na akifungua dirisha la kuangalia matumizi ya kompyuta anakuta kiini kimoja cha prosesa kimejaa huku vingine saba vimelala. Hutafuta namna ya kuviamsha, na papo hapo hukutana na majina kadhaa yanayoahidi jambo linalofanana: threading, multiprocessing, concurrent.futures, asyncio, na pengine ushauri wa kuendesha programu ileile mara kadhaa kutoka kwenye terminali. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa kutumia Python, kwa sababu ndiyo lugha ambayo wengi huanza nayo, na kwa sababu ndani yake tofauti kati ya uzi (thread, mkondo wa utekelezaji ndani ya programu) na mchakato (process, programu inayoendeshwa peke yake na kumbukumbu yake) ni kubwa kuliko katika lugha nyingine nyingi.

Ni vyema kutaja mapema upande ninaouegemea. Kwa anayeanza, naona michakato ni salama kuliko nyuzi hata pale inapokuwa ghali kidogo, kwa kuwa michakato ikikosewa aghalabu husimama na kulalamika, ilhali nyuzi zikikosewa huendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea, kisha zikakuletea jibu lisilo sahihi.

Pima kwanza muda unapotelea wapi

Kazi za kompyuta zinazochukua muda huangukia makundi mawili, na kundi ndilo linaloamua njia. Kundi la kwanza ni kazi za kusubiri: programu imetuma ombi kwa seva na inangoja jibu, au inangoja diski isome faili, au inangoja hifadhidata imalize kutafuta. Wakati huo prosesa haina la kufanya. Kundi la pili ni kazi za kukokotoa: kutafuta namba tasa, kubana video, kupitia mistari milioni kumi na kuhesabu maneno yake, au kujaribu maelfu ya michanganyiko hadi ipatikane iliyo bora. Hapo prosesa haipumziki. Programu moja inaweza kuwa na sehemu za aina zote mbili, lakini karibu kila mara aina moja ndiyo inayokula sehemu kubwa ya muda.

Kukisia hakufai, na kupima ni rahisi. Kwenye Linux na macOS, ukiandika `time python3 kazi.py` utapewa namba tatu mwishoni: real, yaani muda halisi uliopita kwa saa ya kawaida, user, yaani muda ambao prosesa ilikuwa ikitekeleza msimbo wako, na sys, yaani muda ambao mfumo endeshi uliutumia kwa niaba ya programu yako. Tuseme real ni sekunde 48 na user ni sekunde 2. Programu hiyo ilikaa karibu muda wote ikisubiri kitu, na kuiongezea viini hakutaisaidia. Inachohitaji ni uwezo wa kusubiri vitu vingi kwa wakati mmoja. Tuseme badala yake real ni sekunde 48 na user ni sekunde 47. Hapo kiini kimoja kilifanya kazi bila kupumzika, na kuvigawia vingine sehemu ya mzigo kuna maana.

Kuna hali ya tatu ambayo huwashangaza wengi, nayo ni pale user inapozidi real kwa mbali. Maana yake ni kwamba ndani ya programu yako mna maktaba ambayo tayari inatumia viini kadhaa bila kukuambia. Hali hii huwapata zaidi wanaotumia NumPy, maktaba ya mahesabu ya namba, kwa sababu kuzidisha matriki hukabidhiwa maktaba kama OpenBLAS au MKL, ambazo zina nyuzi zake zenyewe. Ukiweka michakato minane juu ya maktaba ambayo kila moja inafungua nyuzi nane, utakuwa na nyuzi 64 zinazogombea viini vinane, na programu inaweza kuwa nzito kuliko ilivyokuwa kabla ya kuguswa. Tiba yake ya kawaida ni kuweka `OMP_NUM_THREADS=1` kabla ya kuanzisha programu, ili kila mchakato utosheke na kiini kimoja.

Nyuzi: nafuu kuanzisha, ngumu kuamini

Uzi ni mkondo wa utekelezaji ndani ya mchakato uleule. Nyuzi kumi za programu moja zinaona orodha zilezile, kamusi zilezile na faili zilezile zilizofunguliwa. Kuanzisha uzi hakugharimu sana, hakuna data inayohitaji kunakiliwa, na msimbo unabaki karibu ulivyokuwa. Kwa sababu hiyo mafunzo mengi ya usambamba huanza na nyuzi, na kwa maoni yangu huo ni mpangilio usiomsaidia mwanafunzi.

Kwanza, CPython, yaani ile Python ya kawaida ambayo karibu kila mtu huipakua, ina kufuli moja kuu linalojulikana kwa herufi GIL, na uzi ni lazima ulishike kufuli hilo ndipo uweze kutekeleza msimbo wa Python. Ni kama ofisi yenye makarani wanane na kalamu moja: wote wako kazini, lakini anayeandika ni mmoja. Kalamu hupokezanwa, kwa kawaida kila baada ya milisekunde 5 ikiwa kuna mwingine anayeihitaji, kwa hiyo nyuzi zote huonekana kusonga mbele, ilhali jumla ya muda wa kukokotoa haipungui. Mara nyingine huongezeka kwa sababu ya kupokezana kwenyewe. Kufuli hilo huachiwa uzi unapokwenda kusubiri mtandao au diski, na ndiyo maana nyuzi hufaa sana kwa kazi za kusubiri. Kurasa mia moja za intaneti zinazochukua sekunde moja moja kujibu zinaweza kupakuliwa na nyuzi ishirini kwa takriban sekunde tano badala ya mia moja, mradi seva inaruhusu maombi mengi kiasi hicho.

Kanuni hiyo ina mianya inayofaa kujulikana. Maktaba zilizoandikwa kwa C zinaweza kuachia kufuli zinapofanya kazi nzito: moduli ya hashlib hufanya hivyo inapopewa data kubwa, zlib hufanya hivyo inapobana, na maktaba ya picha ya Pillow hufanya hivyo katika shughuli zake nyingi, ikiwemo kubadilisha ukubwa wa picha. Kwa hiyo mtu anayepunguza picha elfu moja anaweza kunufaika na nyuzi ingawa kazi yake ni ya kukokotoa. Usitegemee kauli ya jumla. Endesha kwa uzi mmoja, kisha kwa nne, na ulinganishe muda.

Tatizo la pili ndilo zito zaidi, nalo ni kwamba nyuzi zinashirikiana kumbukumbu. Tazama mistari hii miwili, ambayo haina kosa lolote ikiendeshwa na uzi mmoja:

```
if salio >= kiasi:
    salio = salio - kiasi
```

Salio ni 100, na nyuzi mbili kila moja inataka kutoa 80. Uzi wa kwanza unasoma salio, unakuta 100, na sharti linatimia. Kabla haujatoa, zamu inahamia kwa uzi wa pili, ambao nao unasoma 100, sharti linatimia, unatoa 80 na kuacha 20. Zamu inarudi kwa wa kwanza, ambao umekwisha kuvuka sharti na haulirudii tena. Unatoa 80 kutoka 20, na salio sasa ni hasi 60. Hakuna ujumbe wa kosa. Programu inaendelea hadi mwisho na kumaliza vizuri. Kinachoudhi zaidi ni kwamba ukiiendesha tena huenda ikatoa jibu sahihi, na huenda ikatoa jibu sahihi mara mia mfululizo kwenye kompyuta yako, kisha ikakosea siku inapowekwa kwenye seva yenye mzigo mkubwa. GIL haizuii kosa hili, kwa sababu inalinda kifasiri cha Python chenyewe, yaani ile programu inayosoma na kutekeleza msimbo, wala hailindi mantiki ya msimbo wako.

Dawa ipo: kuzungusha mistari hiyo kwa `threading.Lock`, au kupitisha kila kitu kwenye `queue.Queue` ili uzi mmoja tu ndio ubadilishe salio. Lakini dawa hiyo inamtaka mwandishi ajue mapema ni wapi panahitaji kufuli, na huo ndio ujuzi ambao anayeanza bado hana. Akisahau mahali pamoja, hakuna wa kumkumbusha. Akiweka makufuli mawili katika mpangilio usiofanana, nyuzi mbili zinaweza kusubiriana milele.

Michakato: ukuta unaolinda na unaotoza ushuru

Mchakato una kifasiri chake, kumbukumbu yake na GIL yake. Michakato minne kwenye prosesa yenye viini vinne inakokotoa kwa wakati mmoja kwelikweli. Moduli ya multiprocessing iliingia Python toleo la 2.6 mwaka 2008, na mwaka 2011 toleo la 3.2 likaleta concurrent.futures, ambayo inaiweka kazi yote hiyo nyuma ya mistari michache. Ningemshauri anayeanza atumie hii ya pili. `Pool` ya multiprocessing ina uwezo zaidi, lakini uwezo huo hauhitajiki mwanzoni, na concurrent.futures ina faida moja kubwa: `ThreadPoolExecutor` na `ProcessPoolExecutor` zinaandikwa karibu sawa, kwa hiyo unaweza kujaribu nyuzi na michakato kwa kubadilisha neno moja.

Programu kamili inaweza kuwa fupi hivi:

```
from concurrent.futures import ProcessPoolExecutor
from pathlib import Path

def hesabu_mistari(njia):
    with open(njia, encoding="utf-8") as f:
        return str(njia), sum(1 for mstari in f if mstari.strip())

if __name__ == "__main__":
    mafaili = sorted(Path("data").glob("*.txt"))
    with ProcessPoolExecutor(max_workers=4) as kundi:
        for jina, idadi in kundi.map(hesabu_mistari, mafaili):
            print(jina, idadi)
```

Mambo matatu katika msimbo huu hayakuwekwa kwa bahati. La kwanza ni ule mstari wa `if __name__ == "__main__":`. Kwenye Windows, na kwenye macOS tangu toleo la 3.8, mchakato mpya huanzishwa kwa kufungua Python upya na kulisoma faili lako tangu mwanzo ili kuzipata fanksheni zako. Bila sharti hilo, kila mtoto atajaribu naye kuzaa watoto wake, na Python itasimama kwa `RuntimeError` ndefu inayokuelekeza uliweke. Kwenye Linux mchakato mpya kwa miaka mingi ulikuwa nakala ya mzazi iliyopigwa papo hapo, kwa hiyo msimbo bila sharti hilo ulifanya kazi, kisha ukavunjika mtu alipoupeleka kwenye Windows. Toleo la 3.14, lililotoka Oktoba 2025, limebadilisha chaguo-msingi la Linux nalo kuwa lile linaloitwa forkserver, na mafunzo mengi ya zamani ambayo hayaweki sharti hilo sasa yanapotosha kila mahali. Liweke daima.

La pili ni kwamba fanksheni ya `hesabu_mistari` imeandikwa kwenye ngazi ya juu ya faili, wala si ndani ya fanksheni nyingine, na si lambda. Kila kinachovuka kutoka mchakato mmoja kwenda mwingine hufungashwa kuwa baiti kwa moduli ya pickle na kufunguliwa upande wa pili, na fanksheni husafiri kwa jina lake tu: mtoto huambiwa atafute jina fulani katika moduli fulani. Lambda haina jina la kutafutwa. Kwa sababu hiyohiyo, fanksheni uliyoiandika moja kwa moja kwenye Python ya maingiliano, ile unayoandika mstari mmoja mmoja na kujibiwa, mara nyingi itakataa kwa `AttributeError`. Anayejifunza usambamba aandike faili kamili na kuliendesha kutoka kwenye terminali. Atajiokoa na masaa ya kushangaa.

La tatu, ambalo ndilo linaloamua kama utapata faida au hasara, ni kwamba kinachotumwa ni njia ya faili na si yaliyomo. Kufungasha na kufungua ndiyo ushuru wa ukuta huu. Ukisoma faili la megabaiti 500 katika mzazi na kulituma kwa mtoto, data hiyo itafungashwa, itasafirishwa na kujengwa upya, na kwa muda kutakuwa na zaidi ya nakala moja yake kwenye kumbukumbu. Ukituma jina la faili, umetuma herufi chache, na mtoto analisoma mwenyewe. Vivyo hivyo katika kurudi: rudisha idadi, wastani au jina la faili la matokeo, usirudishe orodha ya mamilioni ya vipengele.

Ushuru huo pia unaeleza kwa nini majaribio ya kwanza ya wengi huvunja moyo. Mtu huchukua fanksheni inayozidisha namba kwa yenyewe, anaipa orodha ya namba milioni moja, na anakuta kwamba michakato minne imechukua muda mrefu mara nyingi kuliko lupu ya kawaida. Hakuna kilichoharibika. Kuzidisha namba mbili ni kazi isiyofika hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, ilhali kuituma namba kwenye mchakato mwingine na kupokea jibu ni kazi kubwa zaidi ya hiyo kwa mbali. `ProcessPoolExecutor.map` kwa kawaida hutuma kipengele kimoja kimoja; ukiiambia `chunksize=1000` itatuma elfu moja kwa mkupuo na hali itakuwa bora, ingawa kwa kazi ndogo kiasi hicho lupu bado inaweza kushinda. Kipimo ninachokiona kinafaa ni kwamba kila kipande cha kazi kichukue angalau sehemu ya kumi ya sekunde. Chini ya hapo, unganisha vipande.

Kuna mshangao mwingine unaotokana na ukuta huo. Kigeu cha jumla kinachobadilishwa ndani ya mtoto hakibadiliki kwa mzazi. Mwanafunzi huweka `jumla = 0` juu ya faili, fanksheni yake inaongeza, na mwishoni mzazi anachapisha sifuri. Inaudhi, lakini iangalie upande wa pili: kosa hili linaonekana mara ya kwanza, kila mara, kwa sifuri isiyofichika. Lile la salio kwenye nyuzi lingeweza kujificha mwaka mzima. Tabia inayofundishwa na ukuta, ya kupokea hoja, kurudisha jibu na kutogusa kitu cha nje, ndiyo ambayo mtu atahitaji hata akija kutumia nyuzi baadaye.

Nikisema michakato hulalamika inapokosewa, lazima niweke mipaka ya kauli hiyo. Ukitumia `map` kama ilivyo hapo juu na ukapitia majibu yote, kosa lililotokea kwa mtoto litarushwa kwa mzazi. Ukitumia `submit` na usiite `result()` kwenye kile inachokurudishia, kosa linabaki limefungiwa humo na hutaliona kamwe. Mtoto akiuawa na mfumo endeshi, mathalani kwa sababu kumbukumbu imekwisha, utapata `BrokenProcessPool`, ujumbe ambao hauelezi sababu yenyewe. Jambo la kwanza la kukagua ni kumbukumbu. Michakato minane inayopakia jedwali la gigabaiti 2 kila mmoja inataka gigabaiti 16, na kompyuta nyingi za mezani hazina. Kwa jedwali kubwa la namba linalosomwa na wote kuna moduli ya `multiprocessing.shared_memory`, iliyokuja na toleo la 3.8, lakini anayeifikia hatua hiyo amekwisha kuacha kuwa anayeanza.

Kuendesha programu ileile mara kadhaa

Njia hii haipewi heshima inayostahili. Ikiwa kazi yako ni faili moja kuingia na faili moja kutoka, huhitaji moduli yoyote ya usambamba ndani ya Python. Andika programu ya kawaida inayopokea jina la faili moja, ijaribu hadi uridhike nayo, kisha iachie terminali igawe kazi:

```
find data -name '*.txt' -print0 | xargs -0 -n 1 -P 4 python3 chambua.py
```

Hapo `-P 4` inaruhusu michakato minne kwa wakati mmoja, `-n 1` inampa kila mmoja faili moja, na `-print0` pamoja na `-0` vinalinda majina ya mafaili yenye nafasi ndani yake. Msimbo wa Python unabaki bila neno hata moja la usambamba, kwa hiyo unaweza kuukagua kwa faili moja wakati wowote. Anayetaka zaidi ya hapo, kwa mfano kuendelea pale kazi ilipokatikia, atapata msaada katika GNU Parallel.

Gharama yake ni kwamba Python inaanzishwa upya kwa kila faili, na ikiwa programu inaingiza maktaba nzito, kila mwanzo unaweza kuchukua sekunde nzima au zaidi. Kwa mafaili mia mbili yanayochukua dakika moja moja hilo si kitu. Kwa mafaili laki moja yanayochukua sehemu ya kumi ya sekunde, ni upotevu mkubwa. Angalia pia matokeo: michakato minne ikiandika kwenye skrini au kwenye faili moja, mistari yake inaweza kuchanganyikana, hivyo kila mmoja uandike kwenye faili lake na uyaunganishe baadaye. Kwenye Windows xargs haiji na mfumo wenyewe, lakini utaipata ndani ya mazingira ya Linux yanayoitwa WSL.

asyncio

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu asyncio si njia ya kutumia viini vingi. Ilikuja na toleo la 3.4 mwaka 2014, na mwaka uliofuata toleo la 3.5 likaongeza maneno ya `async` na `await`. Kazi zote huendeshwa na uzi mmoja, na kila kazi inapofika kwenye `await` humpisha mwenzake. Inashinda nyuzi pale miunganisho inapokuwa maelfu, kwa kuwa kazi moja ya asyncio hutumia kumbukumbu kidogo sana ikilinganishwa na uzi, na zamu hubadilika mahali palipoandikwa `await` tu, jambo linalopunguza ajali kama ile ya salio. Bei yake ni kwamba programu yote inabidi iandikwe kwa mtindo huo na kwa maktaba zinazouelewa. Ukiita `time.sleep(5)` au maktaba ya kawaida kama requests ndani yake, kila kitu kinasimama hadi imalize. Kwa kurasa mia moja, nyuzi ishirini za `ThreadPoolExecutor`, ambazo kila moja inapakua na kurudisha matini bila kugusa kitu cha pamoja, zinatosha na ni rahisi kusoma.

Usitarajie mara nane

Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza kikomo ambacho bado kinatutawala: sehemu ya programu isiyogawanyika ndiyo inayoweka dari. Ikiwa asilimia 90 ya muda inaweza kugawanywa, viini vinne vitakupa kasi ya takriban mara 3.1, viini vinane mara 4.7, na hata ungekuwa na viini visivyo na idadi hungevuka mara 10, kwa kuwa ile asilimia 10 inabaki palepale. Hesabu hiyo haijaingiza ushuru wa kufungasha data wala muda wa kuanzisha michakato.

Kuna makato mengine. Kompyuta inayosema ina viini nane huenda ina vinne halisi ambavyo kila kimoja kinajitangaza kuwa viwili, na vile vya nyongeza havileti nguvu kamili. Diski ni moja, na michakato minane inayosoma kwa pamoja kutoka kwenye diski ya kuzunguka inaweza kuchelewa kuliko mmoja anayesoma kwa utulivu. Kwa hiyo jaribu `max_workers` ya 1, 2, 4 na 8 kwenye sehemu ndogo ya data yako, na uishie pale ambapo kuongeza hakuleti tena tofauti. Mara nyingi ni chini ya idadi ya viini, na kuacha kimoja huru kunakuwezesha kuendelea kutumia kompyuta.

Je, usubiri Python isiyo na kufuli?

Swali hili huulizwa sana sasa. Pendekezo la kuifanya GIL iwe ya hiari, PEP 703, lililoandikwa na Sam Gross, lilikubaliwa mwaka 2023, na toleo la 3.13 la Oktoba 2024 likaja na muundo wa majaribio ambao GIL inaweza kuondolewa. Katika toleo la 3.14 muundo huo umepewa hadhi ya kuungwa mkono rasmi, lakini bado si ule unaoupata ukipakua Python ya kawaida bila kuchagua. Ndani yake nyuzi zinakokotoa sambamba kwelikweli, kama zinavyofanya tangu zamani katika Java au Go. Ni habari njema kwa wenye data kubwa inayopaswa kushirikiwa, na kwa waandishi wa maktaba. Kwa anayeanza haibadilishi chaguo, kwa sababu kinachoondoka ni kikwazo cha kasi tu. Ajali ya salio inabaki, na nafasi za kutokea kwake zinaongezeka pale nyuzi zinapoendeshwa kwa wakati mmoja kikamilifu.

Kazi chache na njia ninayoweza kuichagulia kila moja

Kupakua mamia ya kurasa au kuita seva mara nyingi: `ThreadPoolExecutor`, kwa nyuzi kumi hadi ishirini, kila moja ikirudisha jibu lake. Kuchambua mafaili mengi ya maandishi kwa msimbo wa Python mtupu: `ProcessPoolExecutor` ukituma majina, au xargs ikiwa kila faili linachukua sekunde kadhaa. Kubadilisha ukubwa wa picha: jaribu zote mbili, kwa kuwa ni neno moja tu linalobadilika, na usishangae nyuzi zikishinda. Seva ya mazungumzo yenye miunganisho maelfu: asyncio, baada ya kujifunza misingi. Mahesabu ya matriki: acha NumPy ifanye kazi yake na usiongeze kitu. Lupu inayotafuta kipengele katika orodha ndefu maelfu ya mara: badilisha orodha iwe `set` kabla ya kufikiria usambamba, kwa maana badiliko hilo moja linaweza kupunguza dakika hadi sekunde kwenye kiini kilekile kimoja.

Majaribio ya nasibu, ambapo mchezo au mfano fulani unaendeshwa mara elfu kumi na kuchukuliwa wastani, yanagawanyika kwa urahisi kuliko karibu kazi nyingine yoyote na yanafaa sana kwa michakato, lakini yana mtego wake. Pale mtoto anapokuwa nakala ya mzazi, kama ilivyokuwa kawaida kwenye Linux kabla ya 3.14, jenereta ya zamani ya namba za nasibu ya NumPy, ile inayoitwa kwa `np.random.rand` na wenzake, hunakiliwa pamoja na hali yake, na michakato minne inaweza kutoa mfululizo uleule wa namba mara nne. Utadhani una majaribio elfu kumi huru, kumbe una elfu mbili na mia tano yaliyorudiwa. Mtumie kila mtoto mbegu yake, yaani namba ya kuanzishia jenereta, kama hoja ya fanksheni, mathalani namba ya kipande chake, na umtake ajenge jenereta yake kwa `np.random.default_rng(mbegu)`. Kwa njia hiyo mifululizo inatofautiana, na ukiendesha tena kesho kwa mbegu zilezile utapata majibu yaleyale, iwe umetumia mchakato mmoja au minane.